Shingo Ndefu ya Luti: Ala za Nyuzi za Besi na Muziki Uliozaliwa Nazo

Udi wa Kiarabu, ambao wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaujua kama nguzo ya taarabu tangu siku za vyama vya awali kama Ikhwani Safaa, kilichoundwa Zanzibar mwaka 1905, ulikuwa umekwisha kuvuka kwenda Ulaya karne nyingi kabla ya hapo kwa njia ya Andalusi na Sisili, na jina lake la asili, al-ud, linasikika bado katika majina uliyopewa huko: liuto kwa Waitalia, luth kwa Wafaransa na Laute kwa Wajerumani. Ala hiyo ya Ulaya inaitwa hapa luti ili isichanganywe na mama yake, kwa kuwa kufikia mwisho wa karne ya 15 mama na mtoto walikuwa wameanza kufuata njia mbili tofauti. Udi ulibaki na shingo laini isiyo na vizuizi, ukaendelea kupigwa kwa unyoya au kipande chembamba, na ukabaki ala ya mahadhi, yaani ya mstari mmoja wa sauti unaopambwa na kuzungushwa kwa ustadi. Luti ilifungwa freti shingoni, yaani vifundo vya utumbo vinavyogawa uzi katika hatua zilizopimwa, na wapigaji wake wakauacha unyoya wakatumia ncha za vidole, hivyo ala moja ikaweza kutoa sauti tatu au nne kwa wakati mmoja, kila moja ikienda njia yake. Badiliko hilo la mkono wa kulia ndilo chanzo cha yote yaliyofuata, kwa sababu muziki wa sauti nyingi husimama juu ya sauti ya chini kabisa kama nyumba inavyosimama juu ya msingi wake, na kila kizazi cha watunzi kilipotaka msingi ulio chini zaidi, fundi wa luti aliletewa tatizo ambalo halikuwa rahisi kulitatua.

Mwaka 1507, Ottaviano Petrucci alipochapisha jijini Venice kitabu cha luti cha Francesco Spinacino kwa tabulatura, mwandiko ambao hauonyeshi noti bali mahali pa kuweka kidole, luti ilikuwa na safu sita za nyuzi, safu ikiwa ni uzi mmoja au jozi ya nyuzi zinazopigwa kama uzi mmoja. Kuelekea mwaka 1600 safu zilifika saba, kisha nane, kisha kumi, na kila safu iliyoongezwa ilikuwa ya besi. Nyuzi zote zilisokotwa kwa utumbo wa kondoo, na uzi wa namna hiyo hushushwa sauti kwa njia tatu tu: kuulegeza, kuunenepesha au kuurefusha. Uzi uliolegezwa hupoteza nguvu na kugongagonga freti, na uzi ulionenepeshwa huwa mgumu kama kamba, ukatoa mshindo mfupi uliofifia. Uzi uliorefushwa mara mbili, ukibaki na unene ule ule na mvuto ule ule, hushuka oktava nzima bila kupoteza ung'avu wake. Marin Mersenne aliziweka kanuni hizo wazi katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1636, lakini mafundi walikuwa wamekwisha kuzijua kwa mikono yao miaka mingi kabla ya hapo. Nyuzi za utumbo zilizozungushiwa waya wa madini, ambazo zingeondoa shida hiyo, zilianza kutajwa karibu na mwaka 1660 tu, na mabingwa wakubwa wa mwanzo wa karne ya 17 hawakuwa nazo.

Urefu ungekuwa jibu kamili kama luti nzima ingeweza kurefushwa, lakini hilo lilizuiliwa na uzi wa juu. Uzi wa utumbo wa urefu fulani hukatika unapofikishwa kwenye sauti fulani, uwe mnene au mwembamba, kwa sababu uzi mnene ingawa una nguvu zaidi hudai kuvutwa zaidi kwa kiasi kile kile ili ufike pale pale. Ala ikirefushwa, nyuzi za juu hukatika kabla ya kufika mahali pake, na vidole vya mkono wa kushoto navyo havifiki kutoka freti moja hadi nyingine. Ndipo lilipozaliwa wazo la kuweka urefu wa namna mbili katika ala moja: nyuzi fupi juu ya shingo yenye freti, ambazo mkono wa kushoto huzibana, na kando yake nyuzi ndefu zinazopita nje ya freti hadi kwenye kichwa cha pili cha vigingi, ambazo hazibanwi kamwe bali hupigwa wazi kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mtu anayeiona ala hiyo kwa mara ya kwanza huona shingo iliyopita kimo, na huenda akaidhani pambo la fahari. Ukweli ni kwamba hakuna sehemu yake iliyolazimishwa zaidi na hali ya vitu kuliko shingo hiyo.

Alessandro Piccinini wa Bologna, aliyezaliwa mwaka 1566 na kutumikia ikulu ya ukoo wa Este mjini Ferrara, alidai kuwa wazo hilo ni lake. Katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1623, iliyo miongoni mwa maandiko yenye mafunzo mengi kuhusu upigaji wa enzi hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1594 alikwenda Padua kwenye karakana ya Christofano Heberle akaagiza kwanza luti ya tumbo refu ili besi zipate urefu humo, na kwamba jaribio hilo lisipomridhisha ndipo alipoagiza shingo irefushwe badala ya tumbo. Haikuwa bahati kwamba fundi wa Padua alikuwa na jina la Kijerumani. Mji mdogo wa Füssen, chini ya milima ya Alpi upande wa Bavaria, uliunda chama cha mafundi wa luti mwaka 1562, na watoto wake wengi, wasioweza wote kupata kazi nyumbani, walivuka milima na kuzijaza karakana za Padua, Bologna, Roma na Venice. Kutoka katika koo za mafundi hao alitoka Magno Dieffopruchar, ambaye ala yake ya mwaka 1608, iliyotengenezwa Venice na kuhifadhiwa sasa katika Chuo cha Kifalme cha Muziki jijini London, ina besi zenye urefu wa karibu mita 1.7, yaani kimo cha mtu mzima.

Wakati huo huo Florence ilikuwa na ala iliyoitwa kitarone, neno lenye maana ya kithara kubwa, jina lililowapendeza wasomi wa mji huo waliotamani kuhuisha namna Wagiriki wa kale walivyoimba mashairi yao kwa kinubi. Kitarone ilitumika mwaka 1589 katika sherehe za arusi ya Ferdinando de' Medici na Christine wa Lorraine, na mpigaji wake aliyesifiwa zaidi alikuwa Antonio Naldi, maarufu kwa jina la Bardella. Baadaye jina la tiorba lilienea kando ya kitarone, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 majina hayo mawili yaliitaja ala ile ile. Giulio Caccini, mwimbaji wa ikulu ya Medici, aliandika katika utangulizi wa mkusanyiko wake wa nyimbo wa mwaka 1602 kwamba hakuna ala inayofaa kuifuata sauti ya mwanadamu kuliko kitarone, hasa sauti ya kiume ya tena. Kauli hiyo ina uzito, kwa sababu Caccini na wenzake walikuwa wakiacha nyimbo za sauti nyingi ambamo maneno ya shairi hufunikana, wakitaka mwimbaji mmoja atamke maneno yake yaeleweke huku chini yake kukiwa na besi na akordi chache, akordi zikiwa ni sauti kadhaa zinazopatana na kupigwa pamoja. Mtindo huo ulihitaji ala yenye chini nzito na katikati laini isiyoshindana na mwimbaji, na ala ya namna hiyo ilikuwa imepatikana karibu katika miaka ile ile.

Ulaini wa katikati haukutokana na hiari. Tumbo la tiorba lilikuwa kubwa, na hata nyuzi zake fupi zilikuwa ndefu mno, mara nyingi sentimita 80 hadi zaidi ya 90, ambapo luti ya kawaida ilikuwa na sentimita 60 hivi. Kwa hiyo uzi wa kwanza na wa pili haukuweza kupandishwa hadi mahali pake bila kukatika, na wapigaji wakaushusha kila mmoja oktava nzima. Matokeo yake ni mpangilio wa ajabu kwa mtu aliyezoea gitaa au udi, kwani uzi wa tatu ndio wenye sauti ya juu kuliko yote, na mkono ukielekea kwenye uzi wa kwanza sauti haipandi bali inarudi chini. Kilema hicho kiligeuzwa kuwa sanaa. Kwa kuwa nyuzi nne za juu zimebanana katika eneo dogo la sauti, mpigaji aliweza kushuka ngazi ya noti kwa kubadilisha uzi kwa kila noti, kila uzi ukiachwa uendelee kulia wakati mwingine unaanza, hata noti zikaingiliana kama kengele za mnara, na Waitalia wakaita jambo hilo campanella, kengele ndogo. Akordi ikivunjwa noti moja moja kwenye nyuzi hizo haipandi wala haishuki kwa mfuatano unaotarajiwa, bali huzunguka ndani ya nafasi finyu na kumfunika msikilizaji. Ala chache tu za wakati huo ziliweza kufanya hivyo, na anayejaribu kuhamishia muziki huo kwenye gitaa la leo hugundua haraka kwamba anabaki na noti zake huku kilichozipa uhai kimepotea.

Mtu aliyeielewa hali hiyo kuliko wote alikuwa Giovanni Girolamo Kapsperger, mtoto wa ofisa wa kijeshi Mjerumani, aliyejulikana Italia kama Mjerumani wa Tiorba. Kitabu chake cha kwanza cha kitarone kilitoka Venice mwaka 1604, na cha nne Roma mwaka 1640. Kati ya vitabu hivyo viwili yeye mwenyewe alihamia Roma, akaingia mwaka 1624 katika nyumba ya Kadinali Francesco Barberini, mpwa wa Papa Urban VIII, mahali ambapo muziki ulikuwa sehemu ya heshima ya ukoo. Sehemu kubwa ya utunzi wake wa kitarone ni toccata, yaani vipande huru vinavyoanza kana kwamba mpigaji anaijaribu ala yake, vikapita kwenye akordi nzito, mbio za ghafla na vituo visivyotazamiwa. Toccata Arpeggiata ya mwaka 1604 ni safu ya akordi tu, isiyo na mahadhi ya kuimbika hata kidogo, na uzuri wake wote unatokana na kuvunjwa kwa akordi hizo juu ya nyuzi zilizoshushwa huku besi ndefu zikinguruma chini yake. Karatasini ni kavu kama mifupa, na msomaji wa noti asiyeijua ala angeweza kuipuuza. Mikononi mwa mpigaji wa tiorba ni miongoni mwa kazi zinazogusa moyo kuliko zote za enzi hiyo. Bellerofonte Castaldi wa Modena naye alichapisha mwaka 1622 vipande vya tiorba pamoja na tiorbino, tiorba ndogo inayolia oktava moja juu, ili ala kubwa na ndogo zizungumze kama watu wawili.

Hata hivyo vipande vya mpigaji mmoja vilikuwa sehemu ndogo ya kazi ya tiorba. Kazi yake ya kila siku ilikuwa besi endelevu, mtindo ambamo mtunzi huandika mstari wa besi peke yake, pengine na tarakimu chache juu yake, naye mpigaji hujaza akordi kwa akili na masikio yake papo hapo. Agostino Agazzari, katika kijitabu chake cha mwaka 1607, aligawa ala katika makundi mawili, za msingi na za pambo, akaihesabu tiorba kuwa inaweza kutumika kwa yote mawili. Mwaka huo huo Claudio Monteverdi alionyesha L'Orfeo mjini Mantua, na orodha ya ala iliyochapishwa pamoja na kazi hiyo inataja kitarone mbili. Muziki mwingi uliopigwa kwa tiorba haukuandikwa kamwe, na mwenye kupima hazina ya ala hii kwa vitabu vya tabulatura pekee anapima pwani kwa kutazama mawe yake na kusahau bahari.

Kutoka Italia tiorba ilisambaa haraka. Inasimuliwa kwamba msanifu majengo Inigo Jones alipoileta Uingereza mara ya kwanza, yapata mwaka 1605, maofisa wa Dover waliishuku kuwa chombo cha hatari kutoka nchi za Kikatoliki kilicholetwa ili kumdhuru mfalme, na kwa mwaka ule ule ambao njama ya baruti chini ya Bunge iligunduliwa, hofu hiyo inaeleweka. Wafaransa na Waingereza walitumia pia luti ya safu 12 yenye vichwa viwili, ambayo besi zake zilirefuka hatua kwa hatua juu ya vizingiti vidogo vidogo, aina iliyohusishwa na Jacques Gaultier, Mfaransa aliyekimbilia London. Baadaye Thomas Mace, mwimbaji wa Chuo cha Trinity, Cambridge, aliitetea luti katika kitabu chake cha mwaka 1676 kwa mapenzi ya mtu anayeona kitu alichokipenda kikisahauliwa. Alishauri ala ihifadhiwe mchana ndani ya kitanda, kati ya matandiko, ili unyevu usiiharibu, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamedhoofika alijitengenezea mwaka 1672 ala ya nyuzi 50, tiorba upande mmoja na luti ya Kifaransa upande mwingine, akitafuta wingi wa sauti ambao masikio yake yangeweza kuupokea.

Ufaransa iliipa tiorba sura nyingine, ya utaratibu na upole. Robert de Visée, aliyempigia Louis XIV gitaa na tiorba, alitunga vipande vya ngoma za ikulu, kama allemande ya mwendo wa taratibu na sarabande ya mapigo matatu, vilivyopangwa katika mikufu inayoitwa suiti, na vingi vya vipande hivyo viliokolewa na hati ya mkono iliyoanzishwa mwaka 1699 na Vaudry de Saizenay, inayotunzwa Besançon. Mpangilio wa suiti unaonyesha jinsi ala ilivyomwongoza mtunzi. Besi ndefu hazibanwi, kwa hiyo kila moja hutoa noti moja tu, na mpigaji huzilinganisha zote upya kulingana na ufunguo wa kipande, yaani ngazi ya noti kinamotembea. Kubadilisha ufunguo katikati ya maonyesho ni kulinganisha nyuzi saba au nane mbele ya wasikilizaji. Ndiyo maana vipande vya ufunguo mmoja vilifungwa pamoja, na ndiyo maana mtunzi wa tiorba huzunguka ndani ya nyumba moja ya sauti akiichunguza kila pembe, badala ya kuhama huku na huko kama mtunzi wa kinanda alivyoweza.

Roma ilikuwa na wapigaji waliotaka besi ndefu bila kupoteza nyuzi za juu, nao walipata arkiluti, ala yenye tumbo dogo kuliko la tiorba, ambayo uzi wake wa kwanza ulibaki juu mahali pake. Ilifaa kwa muziki wa ala za upinde uliokuwa ukishamiri huko, na Arcangelo Corelli alipochapisha sonata zake za sauti tatu za opus 3 mwaka 1689, kitabu kimoja cha besi kiliandikiwa violone au arkiluti. Sonata za Giovanni Zamboni, zilizochapishwa Lucca mwaka 1718, ni mfano mzuri wa muziki wa mpigaji mmoja wa ala hiyo, na ni miongoni mwa tabulatura za mwisho kabisa kuchapishwa Italia.

Silvius Leopold Weiss, aliyezaliwa mwaka 1687, aliishi Roma kati ya mwaka 1710 na 1714 akiwa na mwana wa mfalme Alexander Sobieski, na huko alikutana na tiorba na arkiluti katika makao ya ala hizo. Aliporudi kaskazini na kuajiriwa mwaka 1718 katika ikulu ya Dresden, ambako baadaye alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliolipwa vizuri kuliko wote, alichukua luti ya Kifaransa ya safu 11, iliyolinganishwa kwa akordi ya D ndogo, akaipeleka kwenye safu 13. Safu mbili za ziada ziliwekwa kwanza kwenye kichwa kidogo kilichopandishwa kando ya vigingi, na kuanzia miaka ya 1730 zikaja luti za shingo iliyopinda kama ya bata maji, ambamo besi zaidi zilipata urefu zaidi. Kwa ala hizo Weiss aliacha zaidi ya vipande 600, idadi isiyofikiwa na mtunzi mwingine yeyote wa luti, vingi vikiwa katika hati mbili kubwa, moja London na nyingine Dresden. Katika sonata zake za baadaye, ambazo kwa umbo ni suiti, besi haifuati tena mahadhi nyuma kama mtumishi, bali hushuka na kupanda kwa hatua ndefu kama mzungumzaji wa pili, na mtu anayesikiliza kwa makini husikia ni lini shingo mpya ilimruhusu mtunzi kuthubutu zaidi. Mwaka 1722 mpiga fidla Mfaransa aliyeitwa Petit alimshambulia na kujaribu kung'ata ncha ya kidole gumba chake cha mkono wa kulia. Kwa mpigaji ambaye besi zake zote hutegemea kidole hicho, hilo lingekuwa kumnyamazisha nusu nzima ya ala.

Johann Mattheson wa Hamburg alikuwa amekwisha kuishambulia luti kwa kalamu mwaka 1713, akidai kwamba mpigaji aliyefika miaka 80 lazima awe ametumia 60 kati ya hiyo akilinganisha nyuzi, na kwamba jijini Paris kuitunza luti hugharimu sawa na kumtunza farasi. Ernst Gottlieb Baron alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1727, na Weiss alimwandikia Mattheson barua mwaka 1723 akieleza kwamba kwa ajili ya okestra alijitengenezea ala yenye ukubwa, urefu na nguvu ya tiorba lakini yenye ulinganifu tofauti, kwa kuwa tiorba na arkiluti, zinazopigwa kwa kucha, husikika kali zikiwa karibu. Lawama za Mattheson zilitia chumvi, ila hazikuwa uzushi: nyuzi zaidi ya ishirini za utumbo, zinazovimba kwa unyevu na kukaza kwa ukavu, ni mzigo, na kinanda kilikuwa kikizidi kumfaa mtu asiye na muda.

Johann Sebastian Bach, ambaye Weiss alimtembelea Leipzig mwaka 1739, alitumia luti mara chache na kwa kuchagua, kama katika Mateso ya Yohane ya mwaka 1724 na katika ombolezo la mwaka 1727 la malkia Christiane Eberhardine, ambamo luti mbili zinapigwa. Hati ya mkono wake mwenyewe ya suiti inayojulikana kama BWV 995, iliyotokana na suiti ya tano ya selo na kuandikwa kwa ajili ya mtu aitwaye Schuster, imehifadhiwa Brussels. Humo mna noti ya G ambayo iko chini ya besi ya mwisho ya luti ya safu 13, kwa hiyo inadai safu ya 14. Wapigaji wa leo wanaorudi kwenye hati hiyo wakiwa na luti ya safu 13 huipandisha noti hiyo oktava moja, na wengine humwagiza fundi aongeze uzi mmoja kwenye shingo.